Chupa Saba za Mafuta ya Taa

Mimi nina pua. Najua kila mtu ana pua, lakini ya kwangu ilikuwa na jina mtaani, na jina hilo nililifanya cheo. Waliniita Bi Pua, kwanza kwa utani, baadaye hata wageni waliouliza njia walielekezwa wapinde kushoto kwa Bi Pua. Nilikuwa nauza mafuta ya taa. Kwa miaka kumi na tisa niliyauza kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa nyumba yangu, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuandika neno hata moja kwenye dumu. Nilifungua kifuniko, nikainama kidogo, nikavuta pumzi, basi. Haya ni mafuta ya taa. Haya yamechanganywa, arudishiwe aliyeyaleta. Hii ni petroli, iwekwe kule. Wauzaji wa jumla waliniogopa kuliko walivyomwogopa mkaguzi, na nilipenda waniogope.

Nasema haya mapema ili mtu asije akadhani nilikosea kwa kutojua. Nilijua kila kitu.

Kibanda chenyewe kilikuwa kidogo, ukisimama katikati na kunyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Upande mmoja nilipanga madumu ya njano ya lita ishirini. Upande wa pili palikuwa na friji la kugandisha, nikiuza barafu na maji baridi. Umeme wa friji ulitoka ndani ya nyumba kwa waya uliopitishwa dirishani, ukaishia kwenye soketi ya nne kwa moja niliyoitundika juu ya madumu, kwa sababu msumari ulikuwa hapo. Tundu moja la soketi hiyo lilikuwa limeungua pembeni likawa rangi ya chai. Kila friji lilipojiwasha, mle ndani mlilia tsi, na ukitazama vizuri jioni jioni ulikuwa unaona kacheche ka buluu. Nilikazoea kama mke anavyozoea mume anayekoroma.

Aliyeshindwa kukazoea ni mkwe wangu. Huyu ndiye mume wa binti yangu wa pekee, fundi umeme, kijana mrefu, mpole, anayeongea kama anaomba ruhusa kwa kila neno. Sikuwa nampenda. Sababu ya maana sina. Nilitaka binti yangu aolewe na mtu mwenye sauti. Siku kumi kabla ya hiyo ninayoisimulia, alikuja kibandani akasimama anaitazama ile soketi mpaka nikamwuliza kama anataka kuinunua. Akaniambia kwa upole kwamba mvuke wa petroli hauonekani, kwamba hutambaa chini chini na kukaa, na cheche ndogo kama ile inatosha kuulipua. Akasema petroli isikae humu kabisa, soketi ihamishwe, na madumu yaandikwe. Alijitolea kuja na rangi Jumapili ayaandike mwenyewe.

Palikuwa na wateja watano kwenye foleni, na wote walikuwa wamenyamaza wanasikiliza. Damu ilinipanda. Nikamwuliza, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara, ni fundi gani wa umeme ambaye kwake taa huwashwa kwa kuzungusha balbu. Maana kweli, swichi ya chumba chao ilikuwa imekufa, mwenye nyumba hataki ukuta uguswe, basi wao walikuwa wanapanda stuli na kuikaza balbu kwenye holda mpaka iwake. Nikaongeza kwamba pua hii ilianza kazi kabla yeye hajaota meno. Watu waliangua kicheko. Shoga yangu Bi Sindano, mshonaji wa nyumba ya nne kutoka kwangu, alicheka mpaka akashika ukuta, ingawa baadaye alinivuta pembeni akanifinya na kuniambia nimezidisha. Mkwe wangu aliweka mikono nyuma, akainamisha kichwa, akasema sawa, Mama. Kuanzia siku hiyo, akija kununua kitu, alinisalimia, akataja kiasi, akaondoka. Nikajisifu kwamba nimemfundisha adabu.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Barafu ya friji iliyeyuka yote, maji yakatapakaa sakafuni, na asubuhi nikalazimika kuyatoa madumu nje ili nipige deki. Kati ya madumu hayo moja lilikuwa la petroli, la mdogo wangu mwendesha pikipiki, ambaye kila mafuta yanapoadimika huweka akiba kwangu awagawie wenzake. Lilikuwa la njano kama mengine. Kwa kawaida hukaa pembeni peke yake. Nilipomaliza kudeki niliyarudisha ndani vyovyote vile, moja baada ya jingine, mgongo ukiniuma, nikijua nitayatambua nikianza kupima.

Ila nilikuwa na mafua. Siku ya tatu hiyo, pua imeziba kama imetiwa udongo, napumulia mdomo. Asubuhi nilikunywa chai nisiisikie harufu yake, nikailaumu chai. Haikunijia akilini, hata kwa dakika moja, kwamba mtu ambaye kazi yake ni kunusa akipata mafua anapaswa kufunga duka. Nilifungua dumu, nikainama kama kawaida yangu, nikavuta pumzi kwa mdomo, nikaanza kumimina.

Kati ya saa nane na saa kumi niliuza chupa saba. Siku ya kukosa umeme kila mtu anakumbuka jiko lake la utambi.

Chupa ya nane ilikuwa yangu, ya kuongezea jiko langu. Nilikuwa naimimina nikiwaza mambo mengine, kidogo kikanimwagikia mkononi. Nikanyoosha ule mkono kuchukua kitambaa nijifute. Kabla sijakifikia, mkono ulikuwa mkavu.

Naomba nieleweke. Mkono wa muuza mafuta ya taa haukauki. Unateleza toka asubuhi mpaka jioni, unauosha kwa sabuni mara mbili na bado unateleza. Wangu ulikuwa mkavu, tena wa baridi, kama mtu ameupuliza. Nikatumbukiza kidole kwenye faneli. Baridi. Nikakitoa, nikakitazama, nacho kikakauka mbele ya macho yangu. Moyo ulinilipuka paa. Nilisimama pale na faneli mkononi, na jambo la kwanza nililolifanya, Mungu anisamehe, ni kutazama juu. Ile soketi ilikuwa inaning'inia kichwani pangu, na chini yake nilikuwa nimemimina petroli kwa saa mbili, mlango nusu, mvuke umejaa magotini. Kilichoniacha hai ni kwamba umeme haukuwepo, na ungeweza kurudi wakati wowote. Nikauvuta waya kule dirishani mpaka plagi ikanibaki mkononi. Nikafunga dumu. Nikatoka nje nikashika ukuta.

Chupa saba. Nilizihesabu kwa vidole. Muuza genge wa mbele yangu, mbili. Fundi baiskeli, moja. Kinyozi, moja. Wale wasichana wawili wa chuo cha uuguzi waliopanga ghorofani, moja. Bi Sindano, moja. Ya saba aliichukua mkwe wangu.

Binti yangu alikuwa na kichanga cha siku ishirini na moja, mjukuu wangu wa kwanza, mchumba wangu, kama nilivyokuwa nikimwita. Kila siku saa kumi na moja kamili jioni huchemshiwa maji ya kuoga. Saa hiyo niliipanga mimi. Jiko liwashwe ndani ya chumba ili pawe na joto, niliamuru mimi. Madirisha yafungwe yote mtoto asipigwe na upepo, ni mimi niliyezunguka na kuyatia komeo kwa mkono wangu. Na kwenye dari ya chumba hichohicho kuna balbu ya kuzungusha. Nikampigia binti simu, imezimwa. Nikampigia mkwe, imezimwa. Tangu jana simu za mtaa mzima zilikuwa maiti. Ilikuwa saa kumi na robo.

Mtu mwenye akili timamu angesimama katikati ya barabara akapiga ukunga. Petroli, jamani, msiwashe, nimewauzia petroli. Maneno machache tu. Yalinifika kwenye koo. Halafu nikawaona wote, muuza genge anapanga nyanya zake, watu wawili kwenye benchi la kinyozi, na nikasikia tayari watakachosema: Bi Pua ameuza petroli. Nikayameza.

Nilivuka kwa muuza genge, nikamwambia kwamba mafuta yameingia maji, nirudishie nikubadilishie. Uongo ulinitoka mwepesi, hata nikamlaumu muuza jumla juu yake. Chupa zake mbili zilikuwa chini ya meza, akanipa huku ananipongeza kwa uaminifu. Fundi baiskeli alikuwa anaoshea mnyororo, hana moto karibu. Nikamwambia vilevile, maji, akasema yeye anayaona safi tu, yanatoa grisi kuliko ya siku zote. Nikamnyang'anya. Kinyozi alikuwa anasafishia mashine zake zilizolala kwa kukosa umeme. Alitaka kuniwekea utani kuhusu pua. Nilichukua chupa, nikampa mgongo yeye na utani wake.

Kwa wale wasichana nilipanda ngazi roho mkononi. Mlango ulikuwa wazi. Jiko lilikuwa sakafuni, tambi zimepandishwa, mmoja amechuchumaa na njiti ya kiberiti iko vidoleni, imeshika upande wa boksi, bado kukwaruza. Nilimpiga kibao cha mkono, njiti na boksi vikaruka mpaka chini ya kitanda, naye akanitazama macho yamemtoka. Nikasema mafuta yana maji, yatawalipukia. Mwenzake, aliyekuwa anasoma kitandani, akasema wao waliisikia harufu kali wakashangaa, lakini wakaambiana kwamba kama kungekuwa na tatizo mama angejua.

Nilibeba lile jiko zima nikaliteremsha ngazi mimi mwenyewe, na mzee wa miaka hamsini na minane mwenye magoti mabovu ukimwona anakimbia na jiko la mtu unajua kuna neno. Nilimwaga kilichokuwemo kwenye mchanga nyuma ya nyumba, mbali na kila kitu. Niliharakisha mpaka nikajimwagia miguuni. Tano zimerudi, nikajiambia. Zimebaki mbili.

Kwa binti yangu unafika kwa kufuata barabara yetu hadi mwisho na kuvuka ile kubwa. Njia inapita mbele ya dirisha la Bi Sindano.

Nataka nilisimulie hili polepole kwa sababu ndipo penyewe. Nilikuwa natembea kwa kukimbia. Ilikuwa saa kumi na nusu na kidogo. Nikasikia cherehani yake inalia, ile ya miguu, haijali umeme. Dirisha lilikuwa wazi, na mle ndani nikaona vichwa: wanawake watatu wamekaa kwenye mkeka wanasubiri nguo, mmoja anasimulia jambo na wote wanacheka. Yeye mwenyewe alikuwa ameinamia kitambaa cheupe. Hatua sita tu kutoka barabarani hadi kwenye lile dirisha.

Bi Sindano hadanganyiki na mimi. Tumeshiriki misiba na harusi kwa miaka ishirini. Ningemwambia maji, angeuliza maji gani, yametoka wapi, mbona unahema, hebu kaa chini. Ningelazimika kusema kweli, na kuisema mbele ya wale watatu, wenye midomo mitatu. Nikajiambia kwamba shoga yangu hapiki kabla jua halijazama, hiyo ni desturi yake, hata ugomvi wake na marehemu mumewe ulikuwa juu ya hilo. Nikajiambia kichanga kwanza. Nikajiambia nitarudi, dakika ishirini tu, na wale wateja watakuwa wameondoka. Nilizikusanya sababu hizo zote ndani ya hatua sita, nikapita.

Barabara kubwa niliivuka bila kutazama. Dereva mmoja alinitukana tusi ambalo siku nyingine ningemrudishia kwa riba. Kona ya mwisho niliikata nikitaja jina la binti yangu kwa sauti kama mwehu.

Mlango wa kwao ulikuwa wazi. Madirisha yalikuwa wazi, yote, mapazia yanapepea. Binti yangu amekaa kizingitini anamnyonyesha mtoto, na mkwe wangu ameinama pembeni yake anafunga kamba za viatu. Jiko halikuwepo ndani. Lilikuwa uani, tupu, limepinduliwa. Na mbali kule, kwenye kivuli cha ukuta, niliiona chupa yangu, kifuniko kimekazwa, imeegemezewa tofali isianguke.

Nilitaka kucheka nikashindwa. Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Binti aliniuliza nina nini, nani amekufa. Mkwe wangu alikuja haraka akanishika bega, akanisalimia hata katika hali ile, halafu akafuata macho yangu mpaka kwenye chupa, akatazama chini.

"Umeitoa nje," nikamwambia.

"Nimeitoa, Mama."

"Kwa nini?"

Binti yangu akamwambia, mwambie basi, si ulikuwa unaenda kumwambia. Akajikohoza.

"Ni petroli, Mama. Niliisikia pale pale kibandani, ulipokuwa unanipimia."

"Pale pale. Na hukusema."

"Ulikuwa na watu, Mama."

Alisema bila ubaya wowote. Hakuwa ananisuta. Akanieleza, kwa sauti ileile ya kuomba ruhusa, kwamba alipofika yeye hakujua kama nimewapimia na wengine kutoka dumu hilo. Alidhani huenda nimeshika dumu la mjomba kwa ajili yake tu, na kwamba nikimaliza nitainusa tu mwenyewe. Hakutaka kunisahihisha tena mbele za watu. Aliona bora asubiri jioni, watu wapungue, aje aniambie pembeni, kwa heshima. Ndiyo maana alikuwa anafunga viatu.

Nilikuwa nimefungua mdomo nimjibu. Nilitaka kumwuliza ni heshima gani hiyo inayoacha watu waungue. Maneno yalinifika kwenye meno, ndipo nikasikia nilichotaka kusema, nikaona lile dirisha lililo wazi na vile vichwa vitatu, nikajiona mimi napita. Baridi ilinishuka kutoka utosini mpaka kwenye nyayo. Nikasema, "Bi Sindano," na mkwe wangu akaelewa kabla sijamaliza. Alianza kukimbia.

Tulikuwa bado upande huu wa barabara kubwa tuliposikia. Haukuwa mlio wa kutisha. Ulikuwa mlio mzito, mfupi, kama gunia la nafaka limeangushwa sakafuni nyumba ya jirani. Kisha mayowe ya wanawake.

Nilipofika moshi ulikuwa unatoka dirishani na wale wateja watatu walikuwa nje, mmoja peku, mmoja amekumbatia kitambaa cheupe kilichoungua upande. Watu walishaanza kuja na ndoo za maji. Mkwe wangu, yule asiye na sauti, niliisikia sauti yake siku hiyo. Aliwazuia wa ndoo, akawaambia moto wa mafuta hauzimwi kwa maji, leteni mchanga, leteni blanketi mbichi, na kabla ya yote alinyoosha mkono ndani ya mlango akateremsha swichi kuu, umeme usije ukarudi wakiwa mle ndani. Mtu mmoja alitokea anakimbia na dawa ya meno ya kupaka majeraha. Mkwe wangu akamwambia aiweke mbali, hapa ni maji safi tu, mengi, polepole. Kila mtu alimtii. Nilimtazama nikastaajabu kwamba mtu huyu amekuwa mkwe wangu kwa miaka miwili na nusu.

Bi Sindano alikuwa amekaa chini, nje, ameegemea ukuta wa jirani. Nyusi zilikuwa zimekwisha. Nywele za mbele zilikuwa zimesokotana. Uso ulikuwa mwekundu upande mmoja, unang'aa. Mikono sitaki kuieleza. Ile mikono iliyonishonea gauni la msiba wa mama yangu kwa usiku mmoja, na nguo zote za binti yangu tangu shule mpaka harusi, alikuwa ameiinua mbele yake, viganja juu, kama amebeba kitu kizito, na mkwe wangu amepiga magoti anaimiminia maji kwa kopo, bila kukoma.

Wateja walikuwa wanasimulia wote kwa pamoja. Mmoja alihitaji nguo yake leo, ni lazima ipigwe pasi, na pasi ya umeme haina umeme. Basi Bi Sindano akakumbuka pasi yake ya zamani ya chuma tupu, akasema ataipasha moto kwenye jiko, dakika mbili tu. Hakuwa anapika. Akawasha kiberiti, na jiko zima likainuka. Watu walikuwa wanatikisa vichwa, na kila mmoja alikuwa na lake la kusema juu ya jiko. Jiko lilikuwa la zamani. Tambi zake fupi. Majiko ya aina hii si ya kuaminiwa. Muuza genge alisema yeye alishamwambia mara nyingi alitupe.

Bi Sindano aliniona nimesimama. Alijaribu kutabasamu kwa upande wa uso uliokuwa unamsikia.

"Shoga," akasema, "jiko limenigeuka."

Hakuna aliyejua. Mtaa mzima umesimama pale, na mtu mmoja tu ndiye aliyejua pamoja nami, naye alikuwa amepiga magoti na kopo mkononi. Nilimtazama. Alinitazama mara moja, kisha akayarudisha macho kwenye maji. Nilielewa kwamba hatasema. Hatasema leo wala kesho wala mbele ya polisi, kwa sababu mimi ni mama yake. Ningeweza kulia pamoja na wengine, nikalilaani jiko, nikapeleka mashuka hospitali, nikaendelea kuwa Bi Pua mpaka nife. Nilikuona kunyamaza huko kumesimama mbele yangu kama mlango ulio wazi, na siongopi, nilikutamani.

Nilichuchumaa mbele ya Bi Sindano. Magoti yalinilia.

"Siyo jiko," nikasema. Sauti haikutoka vizuri, nikarudia ili wote wasikie. "Siyo jiko. Ni mimi. Nimekuuzia petroli. Nimewauzia watu chupa saba za petroli."

Kelele zilikatika. Nilisikia maji yanavyodondoka kutoka kwenye mikono yake kwenda ardhini. Mmoja wa wale wasichana wa chuo alishika mdomo. Fundi baiskeli, nyuma, alisema taratibu, maji, aliniambia ni maji. Nikaendelea kwa sababu nikinyamaza nisingeanza tena. Nikamwambia niligundua tangu saa kumi. Nikamwambia nilizikusanya nyingine, nikadanganya kila mlango, na kwake nilikuwa nakuja, nilikuwa narudi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Maumivu yalikuwa yameanza kumshika sawasawa, meno yalikuwa yanagongana. Nilisubiri anitukane. Naapa nilitamani anitukane, kwani matusi yake nayajua yote na yangenipa pa kusimama.

"Nilikuona ukipita," akasema.

Nikaligeukia lile dirisha.

"Nilikuona pale dirishani, unakimbia, huangalii watu. Nikawaambia hawa, kuna jambo kwa mjukuu wake. Nikawaambia nikimaliza kupiga pasi hii nguo tufunge, niende nikamsaidie shoga yangu." Alivuta pumzi. "Ndiyo maana nikaharakisha jiko."

Gari la kumpeleka hospitali lilikuwa limefika mwisho wa barabara, watu wanasogea lipite. Mkwe wangu akasema twende, Mama, tumwinue. Bi Sindano akanigeukia, kwa mazoea ya miaka ishirini, akaninyooshea mikono yote miwili nimshike asimame. Nami nilinyoosha ya kwangu, ikabaki hewani, kwa sababu hapakuwa na pa kushika.